Siku Uliyotaka Kuacha: Mwongozo Kamili wa Kugeuza Maisha Yako Kuwa Riwaya ya Uvumilivu

Miswada inayonifikia hapa Moshi huja kwenye bahasha za kaki, na mingi ina kisa cha aina moja: mtu aliyeteseka mpaka akashinda. Mwandishi wake ameyaishi anayoyaandika. Amelala njaa, amefukuzwa shule kwa kukosa ada, amelea wadogo zake. Akinisimulia kwa mdomo, machozi hunilengalenga. Nikifungua mswada, nikifika ukurasa wa 12 nimechoka.

Kosa ni lile lile. Sura ya kwanza kazaliwa, ya pili kaanza shule, ya tatu baba kafariki, ya nne baba mdogo kamnyanyasa, hadi sura ya ishirini anapopata kazi na kumshukuru Mungu. Huo ni wasifu uliobadilishiwa majina. Msomaji anaambiwa kwamba kuna mtu alivumilia, lakini hakuna mahali anapokaa naye kwenye mvua.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka ya pili, zinazofuata hazitakusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kaunta buku mbili. Moja ya kumbukumbu, nyingine ya riwaya. Usizichanganye, kwa sababu ya kwanza inadai ukweli na ya pili inadai ubunifu.
- Kalamu, na simu yenye kinasa sauti.
- Kitu kimoja kilichobaki kutoka kipindi hicho: risiti ya ada, kadi ya kliniki, picha, kitambulisho cha kazi, hata kiatu.
- Mtu mmoja aliyekuwepo na ambaye bado mnaongea.
- Dakika 45 kila usiku, mara tano kwa wiki, kwa miezi tisa hivi.
- Umbali kutoka kwenye jambo lenyewe.

Hilo la mwisho watu hulipuuza. Mwandishi wa Zanzibar, Adam Shafi, alikamatwa mwaka 1972 baada ya kuuawa kwa Sheikh Karume, akafungwa. *Haini*, riwaya iliyotokana na kifungo hicho, ilitoka mwaka 2003. Huna haja ya kungoja miaka yote hiyo. Lakini kama ukilisimulia jambo sauti bado inakukatika na mwisho wake huujui, jaza kaunta buku ya kumbukumbu tu. Sura zitakuja baadaye.

## Hatua ya 1: Orodhesha siku 30

Andika siku, usiandike miaka. "Mwaka 2009 ulikuwa mgumu" hakumpi msomaji kitu cha kushika. "Siku kahawa ya mama iliporudishwa kwa sababu ya unyevu" kuna gunia, kuna mzani, kuna njia ya kurudi nayo nyumbani.

Kila siku ipe mstari mmoja. Usieleze, usitafute maana. Changanya na siku za furaha, maana maisha ya dhiki nayo yana ubarikio, harusi na mtori wa Jumapili. Riwaya isiyo na siku hata moja nzuri humfanya msomaji asijue mhusika anapigania nini.

Tahadhari: usipange kwa tarehe. Ukipanga, umeshaanza kuandika wasifu.

Umefaulu ukifika siku ya 20 na kukutana na jambo ulilokuwa umelisahau kabisa. Hapo ndipo kumbukumbu inaanza kufunguka.

## Hatua ya 2: Itafute siku uliyotaka kuacha

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo inayorukwa. Kati ya siku zako 30, ipo moja au mbili ambapo ulikuwa na njia ya kuondoka na ulikuwa karibu kuishika. Izungushie duara.

Nitoe yangu. Nikiwa na miaka 21 nilikuwa mgumu, yaani mbeba mizigo wa Mlima Kilimanjaro. Njia ilikuwa ya Machame. Tulilala kambi ya Barranco na mvua ilinyesha usiku kucha. Kulipokucha, hema lililolowa lilikuwa zito kuliko jana yake, na mbele yetu ulikuwepo ule ukuta wa mawe. Mgeni mmoja alikuwa mgonjwa anateremshwa, na kiongozi msaidizi akatafuta mtu wa kumbebea begi. Aliniangalia mimi. Ningeshuka, ningelipwa siku nilizofanya, basi. Hakuna ambaye angenilaumu.

Nilipoandika riwaya mara ya kwanza, niliandika kwamba nilimkumbuka mama yangu, machozi yake yakanipa nguvu, nikapanda. Ilikuwa uongo, na kila aliyesoma alipita pale bila kusimama. Ilinichukua miaka kukubali kuandika sababu ya kweli: viatu nilivyovaa vilikuwa vya kuazima. Nilimwahidi mwenyewe ujira wa siku mbili tukishuka. Kama ningeteremka siku ile, baada ya kumlipa ningerudi nyumbani karibu mikono mitupu. Hesabu ya viatu ndiyo iliyonipandisha ule ukuta.

Nimewauliza waandishi wengi swali hilo, na majibu ya kweli karibu yote ni madogo namna hiyo. Dada mmoja hakuacha chuo kwa sababu alikuwa ameshalipia kitanda cha hosteli mpaka Juni. Mzee mmoja hakung'oa mibuni yake ilipoliwa na chulebuni, ugonjwa wa kahawa, kwa sababu jirani, ambaye hawakuwa wanasalimiana, alikuwa ameng'oa ya kwake. Ukisikia sababu kama hizo unamwona mtu mzima mbele yako. Ukisikia "nilijipa moyo", humwoni mtu yeyote.

Fanya hivi. Kwenye kaunta buku ya kumbukumbu, jibu maswali manne kuhusu siku hiyo:

1. Njia ya kuondoka ilikuwa ipi hasa? Gari gani, mlango gani, nani aliyekupa?
2. Ungepoteza nini kwa kuondoka, na ungepata nini?
3. Kitu gani kidogo kilikuzuia?
4. Kilikugharimu nini baadaye?

La nne usilisahau. Mimi nilipoteza kucha mbili za mguu wa kulia, na nilianza kuwadharau walioshuka. Hilo la pili ndilo lililonipa riwaya, kwa sababu lilikuwa baya na lilikuwa langu.

Tahadhari: kama jibu lako la tatu linakufanya uonekane shujaa, andika tena kesho yake.

Umefaulu ukiona aibu kidogo kumsomea mtu jibu hilo.

## Hatua ya 3: Rudi mahali penyewe ukachukue maneno

Kumbukumbu hubaki na maumivu, ikapoteza vitu. Rudi ukavitafute. Kama kisa chako ni cha Soko la Mbuyuni hapa Moshi, nenda alfajiri, kaa, sikiliza jinsi mkungu wa ndizi unavyopimwa kwa macho, chane inavyokatwa, mshare unavyotengwa na kisukari. Kama ni cha mitumba ya Memorial, kaa karibu na mahali belo linapofunguliwa. Kama ni cha migodi ya Mererani, tafuta mwanaapolo, yaani mchimbaji, wa zamani akueleze alikuwa anashuka shimoni na nini kiunoni. Rekodi sauti kwa ruhusa yake.

Kila kazi ina maneno yake, na maneno hayo ndiyo yanayomfanya msomaji akuamini. Ukiandika "wapagazi", aliyepanda mlima na wenzetu atajua hukuwahi kulala nao hema moja. Andika wagumu.

Tahadhari moja ambayo naisisitiza kwa watu wa huku: usimweke Kilimanjaro kila ukurasa. Anayeishi Pasua au Majengo hauangalii mlima akapata matumaini. Siku nyingi umefunikwa na wingu, na ukifunguka asubuhi anauona huku anapiga mswaki. Mlima wa kadi za posta mwachie mwenye kuuza kadi.

Umefaulu ukipata maneno 15 ya kazi hiyo ambayo binamu yako wa Dar hayajui.

## Hatua ya 4: Mtoe mhusika ndani yako

Mhusika akiwa wewe mtupu, hutamruhusu akosee. Utamtetea. Kila anayempinga atakuwa mbaya, kila anayemsaidia atakuwa malaika. Kwa hiyo badilisha mambo matatu: kazi yake, familia yake, na kosa lake kubwa. Bakiza kitu kimoja tu kutoka kwenye duara lako la hatua ya pili.

Angalia mwandishi Mwingereza Charles Dickens alivyofanya. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, alipelekwa kiwandani London kubandika lebo kwenye vikopo vya rangi ya viatu, na baba yake akafungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea. Aibu hiyo hakuisahau hata alipokuwa maarufu. Aliyaandika mambo hayo, akamwonyesha rafiki yake John Forster, lakini mwenyewe hakuyachapisha yalivyo. Kisha ikaja *David Copperfield*, iliyoanza kutoka mwaka 1849. Mle ndani mtoto yuko kwenye ghala la mvinyo, kati ya chupa. Baba yake hayuko gerezani, maana alikufa kabla mtoto hajazaliwa. Deni na gereza vimehamia kwa Bwana Micawber, mwenye nyumba aliyempangisha mtoto huyo. Kazi imehama, baba amehama, na ile aibu ya mtoto mwenye akili aliyetupwa kati ya chupa imebaki mahali pake.

Mimi nilimwacha kijana wa mlimani nikamchukua msichana wa Kibosho anayeuza ndizi. Nilichobakiza ni kitu cha kuazima na dharau kwa walioacha. Kwa mwongozo huu tumwite Manka. Ana miaka 19, ni hodari, na ana kosa moja: hawezi kumsamehe mtu aliyechoka.

### Kuhusu watu walio hai

Kubadilisha jina hakutoshi. Kijijini kwetu ukiandika "baba mdogo mwenye pikipiki nyekundu aliyechukua kihamba cha mjane", wote wanajua ni nani kabla ya kumaliza sentensi. Ugomvi wa kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, huishi kuliko waliouanzisha, na kitabu kinaweza kuufufua. Badilisha kiasi kwamba mwenyewe akisoma asiweze kusema ni yeye, na kama ni tuhuma ya kosa la jinai, ondoa kabisa au igeuze kuwa jambo jingine lenye uzito ule ule.

Na kwa wazazi, uliza. Mimi nilikwenda kwa mama nikiwa na mswada mkononi.

"Shikamoo, mama. Kuna mambo ya nyumbani nimeyaandika."

"Marahaba. Ya njaa?"

"Ya njaa, na ya baba."

Alikuwa anamenya ndizi. Alimaliza ile aliyoishika ndipo akajibu. "Ya njaa andika yote. Ya baba yako, andika alivyokuwa anaimba."

Sura nzima ilibadilika kwa sentensi ile. Nisingeipata kwa kukaa peke yangu na kalamu.

Umefaulu ukimwona mhusika wako akifanya jambo ambalo wewe usingelifanya, na ukamwacha alifanye.

## Hatua ya 5: Jenga mgongo wa riwaya kwa milango mitatu

Mpe mhusika kitu kimoja cha kutaka, kinachohesabika, na tarehe ya mwisho. Manka anataka kumaliza deni ambalo kwalo kihamba cha mama yake kimewekwa rehani, kabla ya Krismasi, watu wanapopanda kutoka Dar na ukoo kukaa kikao. Kila msomaji wa huku anaijua Desemba hiyo na uzito wake.

Kisha mfungulie milango mitatu ya kuacha. Iweke mbalimbali: mmoja karibu na theluthi ya kwanza, wa pili kupita katikati, wa tatu karibu na mwisho.

Wa kwanza uwe wa mwili. Amechoka, anaumwa, mvua ya masika imekata njia. Huu ni rahisi kuandika, usikae nao sana.

Wa pili uwe wa heshima. Manka amebeba ndizi kichwani, anakutana na mwenzake wa sekondari akishuka kwenye gari la ofisi. Hapa kinachomchosha ni macho ya mtu.

Wa tatu lazima uwe mlango mzuri. Hili nalisema kwa nguvu zote, kwa sababu ndilo linaloua miswada mingi. Shangazi yake wa Arusha anampigia: kuna kazi dukani Njiro, kuna chumba, mshahara kila mwezi, na shangazi ni mtu mwema kweli. Manka akienda, maisha yake yatakuwa bora. Kihamba kitapotea, lakini yeye atapona. Mtu asiye na pa kwenda hatuwezi kumwita mvumilivu, amefungiwa tu. Msomaji anapaswa kufika mahali amwambie Manka kimoyomoyo, "Nenda, mwanangu." Asipoenda, tutataka kujua kwa nini, na kile kitu chako kidogo cha hatua ya pili ndicho kitajibu.

Tahadhari: usimlete mfadhili. Mzungu mwenye moyo, mfanyabiashara aliyeguswa, mchungaji aliyeota ndoto. Mfadhili akiingia, mhusika anaacha kuwa na kazi. Kama kweli maishani mwako ulisaidiwa, mweke msaidizi mapema, na msaada wake uje na masharti.

Umefaulu ukiweza kumsimulia mtu milango yote mitatu ndani ya dakika mbili, na yeye akabishana nawe kuhusu wa tatu.

## Hatua ya 6: Andika tukio, acha muhtasari

Hiki ndicho ninachokisoma kila wiki:

*Manka alihangaika sana kutafuta pesa. Alikumbana na changamoto nyingi sokoni, lakini hakukata tamaa.*

Na hiki ndicho ninachokitafuta:

*Saa kumi na moja alfajiri Mbuyuni bado giza. Manka aliushusha mkungu, akauegemeza gotini, akahesabu ndizi zilizopondeka njiani. Kumi na nne. Mchuuzi alimulika kwa simu.*

*"Mdogo wangu, huu nakupa nusu."*

*"Dada, jana ulinipa nzima."*

*"Wa jana haukuwa na michubuko."*

*Nyuma yao Hiace ya Kibosho ilikuwa inageuza. Nauli ya kurudi ilikuwa ndani ya soksi. Manka aliiangalia ile gari mpaka kondakta akafunga mlango. Kisha akaazima kisu kwa mama wa nyanya, akakata chane mbili mbovu, akaziweka pembeni, akauinua mkungu uliobaki.*

*"Angalia tena."*

Hakuna aliyesema Manka ni mvumilivu. Gari lilikuwepo, nauli ilikuwepo, hakupanda. Kisu ni cha kuazima, kama viatu vyangu. Na msomaji wa Songea ambaye hajawahi kufika Mbuyuni amesikia baridi ya alfajiri.

Kanuni ninayowapa wote: katika rasimu ya kwanza, maneno haya yasitokee kabisa: *changamoto, kukata tamaa, kujipa moyo, hatimaye, uvumilivu*. Kila yanapokujia kalamuni, kuna tukio umelikimbia. Simama, liandike.

Kipimo cha kufaulu: funika jina la mhusika, mpe mtu ukurasa mmoja, muulize, "Huyu mtu anataka nini na nini kinamzuia?" Akijibu bila kukuuliza, songa mbele.

## Hatua ya 7: Hesabu maneno, linda ratiba

Riwaya ya maneno 50,000 inatosha. Ukiandika maneno 400 kwa usiku, siku tano kwa wiki, ni 2,000 kwa wiki, na rasimu inakamilika kwa wiki 25. Miezi inayobaki ni ya kusahihisha. Maneno 400 ni kurasa mbili hivi za kaunta buku.

Umeme ukikatika, andika kwa mkono. Ukipitwa na usiku mmoja, usifidie kwa kuandika 800 kesho yake. Andika 400 zile zile. Usisahihishe ulichoandika jana.

Kila ukurasa upige picha usiku huo huo na ujitumie kwa barua pepe. Nimewahi kumwona mtu aliyepoteza kaunta buku nzima ndani ya kifodi, yaani daladala, Arusha, na hakuna maneno niliyoweza kumwambia.

## Hatua ya 8: Malizia kwa gharama

Manka akilipa deni, usifunge kitabu kwa sherehe. Tuonyeshe kilichobaki mikononi mwake na kilichokwenda. Pengine kihamba kimerudi na mama yake anampikia machalari, lakini yule rafiki aliyechoka, ambaye Manka alikataa kumsamehe, hayupo mezani. Kurasa tano zinatosha. Hotuba ya mhusika kwa vijana iondoe, hata kama umeipenda.

Akishindwa, pia sawa. Deni linaweza kumshinda na bado tukamaliza kitabu tukiwa upande wake.

## Hatua ya 9: Wasomaji watatu

Usimpe mswada mtu anayekupenda tu. Tafuta mmoja aliyekuwepo, mmoja asiyejua lolote kuhusu maisha hayo, na mmoja anayefanya kazi ile ile ya mhusika wako. Usiwaulize kama ni kizuri. Waulize walisimama kusoma wapi, na wapi hawakuamini.

Baada ya hapo peleka kutaipu, soma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, kisha tafuta pa kutuma. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell imekuwa ikipokea miswada ambayo haijachapishwa, na ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno kabla ya kutuma.

Msomaji wangu wa tatu, kwa ile rasimu ya mlimani, alikuwa mgumu wa siku nyingi aliyekwisha kustaafu. Alikaa na mswada wiki mbili, akaurudisha umekunjwa ukurasa mmoja tu.

"Hapa," aliniambia. "Viatu vya kuazima havifungwi hivi. Unapitisha kamba nyuma ya kisigino mara mbili, visikucheze kwenye mteremko."

Nilimwomba anionyeshe. Akavua kiatu chake, akanifundisha, na usiku ule nikauandika upya ukurasa ule.